“Yesterday I Go”: Kutafuta Hitilafu ya Wakati Uliopita, Dalili kwa Dalili

Daftari lililonifungua macho lilikuwa na doa la mawese kwenye jalada. Mwenye nalo, kijana wa Kidato cha Kwanza hapa Kigoma, alikuwa ameandika hivi: “Yesterday I went to the lake with my uncle. We push the boat. We light the lamps. My uncle throw the net and we catch dagaa.” Nikapiga mistari minne ya kalamu nyekundu, nikaandika pembeni “Tense!”, nikamrudishia. Wiki iliyofuata kaandika vilevile. Nikapiga tena. Wiki ya tatu ndipo nilipoisoma ile insha kimoyomoyo kwa Kiswahili: “Jana nilikwenda ziwani na mjomba. Tukasukuma mtumbwi, tukawasha taa, mjomba akatupa wavu, tukavua dagaa.” Kiswahili cha kupewa alama zote! Mtoto alikuwa anafuata sarufi barabara, ila sarufi yenyewe ilikuwa ya lugha nyingine.

Tangu hapo nasahihisha kama fundi wa injini za boti: nasikiliza mlio kwanza, spana baadaye. Na karibu kila kosa la wakati uliopita ninalokutana nalo nalikuta na kiambishi cha Kiswahili nyuma yake, ama -li-, ama -ka-, ama -me-, ama -ku- ya kukanusha. Ukishakijua kiambishi, nusu ya kazi imekwisha. Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili unazoziona daftarini au kuzisikia darasani, na chini ya kila dalili sababu ya mara nyingi imetangulia, ya nadra iko nyuma.

Kabla ya kugusa chochote, fanya jaribio hili la dakika moja: mwambie mwanafunzi akusimulie jambo hilohilo kwa Kiswahili. Kama nyumbani kwao ni Kiha, asimulie kwa Kiha na mwenzake atafsiri. Akisimulia kwa mpangilio, tatizo ni la Kiingereza na dawa iko humu. Akishindwa hata kwa lugha ya nyumbani, usipoteze chaki, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Kitenzi cha kwanza kimesimama, vinavyofuata vimelala

Hii ndiyo dalili ya yule kijana, na ndiyo inayojaza madaftari mengi kuliko zote.

Sababu kubwa ni -ka-. Kiswahili kikishaweka -li- mwanzoni mwa masimulizi hakina haja ya kuirudia. Nilikwenda soko la Mwanga, nikanunua migebuka, nikapanda bajaji, nikarudi. Ile -ka- yenyewe haitaji wakati, inaiegemea -li- iliyotangulia. Mtoto anaitafuta -ka- ya Kiingereza, haioni, basi anaacha kitenzi kitupu na moyo wake umetulia kabisa. Sababu ya pili ni neno “yesterday”: anadhani likishatajwa, wakati umeshatajwa, kwa nini tuseme mara mbili? Ya tatu ni kwamba umbo lenyewe halijui.

Kuzitenganisha ni rahisi. Funika insha, umuulize kitenzi kimojakimoja: “Throw?” Akijibu “threw” bila kusita, umbo analo na ugonjwa ni -ka-. Akikodoa macho, soma sehemu ya “goed” huko mbele.

Dawa yangu ni tiketi. Nawaambia hivi: katika masimulizi ya Kiswahili baba anakata tiketi moja, familia nzima inapanda boti. Kwa Kiingereza kila abiria anakata ya kwake, hata mtoto wa mgongoni. Kisha tunaicheza. Nakata maboksi ya sabuni kuwa kadi, upande mmoja naandika “push”, wa pili “pushed”. Upande mmoja “light”, wa pili “lit”. Wanafunzi wanane wanapanga foleni mbele, kila mmoja ni kitenzi. Wa kwanza anasema kwa Kiswahili, “nilikwenda”, anageuza kadi, “I went”. Wa pili, “tukasukuma”, anageuza, “we pushed”. Kondakta amesimama mlangoni. Anayeonyesha upande mtupu anashushwa Kibirizi, na darasa zima linampungia mkono. Dakika kumi zinatosha, na mara nyingi kelele zake humleta makamu mkuu dirishani.

Hatua ya pili ni hadithi ya mnyororo. Tunaanza kwa “Paukwa!” na “Pakawa!” kama kawaida, halafu kila mtu anatoa sentensi moja ya Kiingereza baada ya kurudia ya mwenzake. Darasa langu lina zaidi ya wanafunzi sabini, kwa hiyo kila safu ya madawati ina hadithi yake na kiranja wake wa kusikiliza tiketi. Usisahihishe katikati ya hadithi. Andika makosa kwenye kiganja ukipenda, uyaseme mwishoni bila kutaja mtu.

Ikiwa baada ya wiki mbili bado vitenzi vimelala, rudi kwenye karatasi. Achore safu mbili, kushoto hadithi kwa Kiswahili na kila -ka- imezungushiwa duara, kulia Kiingereza. Kila duara lidai jibu lake.

“I did not went”, “Did you saw?”

Mwanafunzi ameambiwa miezi miwili kwamba jana hubadilisha kitenzi. Anakibadilisha. Tena amekumbuka “did”, na hiyo ni juhudi. Tatizo ni kwamba jana imetajwa mara mbili, na hakuna aliyemwambia kwamba “did” ikiingia inaichukua jana yote.

Ukaguzi wake naupenda kuliko wote. Mwambie mwanafunzi aseme “sikulikwenda”. Darasa litacheka. Waulize wanacheka nini. Mmoja atasema, “Mwalimu, ni sikwenda.” Na “hakulinunua samaki” je? “Ni hakununua!” Basi -li- imekwenda wapi? Hapo unyamaze, uwaache wafikiri. Kiswahili kikikanusha, -li- inatoka, -ku- inaingia, kitenzi kinabaki kilivyo, na katika “sikwenda” hata hiyo -ku- huisikii peke yake. Kiingereza nacho kikikanusha, mkia unatoka kwenye kitenzi, “did” inaingia, kitenzi kinabaki kilivyo. “I did not went” ni “sikulikwenda” iliyovaa suti. Sijaona maelezo ya kitabuni yanayokaa kichwani mwa mtoto wa Kigoma kama haya, kwa sababu kicheko chenyewe ni chake.

Baada ya kicheko, kofia. Nilileta kofia ya pama ya zamani, moja tu. Mwanafunzi aliyeshika kadi ya “went” anaivaa: hiyo ndiyo jana. Anaingia “did”, ananyang'anya kofia, anavaa yeye, na “went” anageuza kadi kuwa “go”, kichwa wazi. Vichwa viwili havivai kofia moja. Mtu akisema “did not went” sisemi neno, nashika kichwa changu tu kama mtu aliyeibiwa kofia.

Wakishazoea, wape kesi. Gunia la dagaa limepotea mwaloni Katonga jana usiku, kati ya saa nne na saa tano. Washukiwa wawili wanatoka nje dakika tano kupanga uongo wao: walikuwa pamoja, walikula wapi, walivaa nini, nani alilipa. Wanaitwa mmojammoja, darasa ni polisi. “Where did you go?” “What did you eat?” “Who paid?” Majibu yakipishana, wamefungwa. Mchezo huu unazalisha “did” nyingi kuliko ukurasa wowote wa mazoezi, na unafichua tatizo la pembeni: mshukiwa mmoja wangu alisema “at four o'clock”, polisi wakamshika kwa uongo, kumbe alimaanisha saa nne. Saa zitafutie kipindi chake.

Sababu ya nadra zaidi ni mpangilio wa swali. Kiswahili kinauliza bila kupanga upya, “Ulikwenda wapi?”, ndiyo maana unapata “You went where?” na “Why you came late?”. Hapa tumia jozi za swali na jibu kuhusu jambo wanalolijua. Ujiji iko jirani, na kila mtoto amesikia habari za Stanley na Livingstone. “Where did they meet?” “They met at Ujiji.” “When did they meet?” “They met in 1871.” Wasikilize “meet” na “met” vinavyobadilishana mahali kila kofia inapohama.

Angalizo moja: “was” na “were” havimwiti “did”. “Did you was sick” ni ishara kwamba umefundisha kofia vizuri kupita kiasi.

“I was go”, “She was cry”, “I was have fever”

Chukua “nilikwenda” uikate vipande: ni, li, kwenda. Mtoto anaweka “I” mahali pa ni, “go” mahali pa kwenda, na katikati kuna nafasi tupu ya -li-. Lazima kitu kikae pale. “Was” ndilo neno la jana analolijua vizuri zaidi, basi linakalishwa.

Sababu ya pili ni “nilikuwa”. Kiswahili kina “nilikuwa nakwenda” na “nilikuwa na homa”, zote zina kuwa ndani yake, na yeye anaona kuwa ni “be”. Ya tatu nimeigundua kwa kuchelewa sana: wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza tunawafundisha kujitambulisha, “I was born in Kasulu”, sentensi sahihi kabisa, nao wanaikariri kama mfano wa namna jana inavyotengenezwa. Kwao “nilizaliwa” ni “I was born”, sasa “nililia” isiwe “I was cry” kwa nini?

Kagua kwa kumpa mambo mawili atafsiri: “nilikwenda” na “nilikuwa nakwenda”. Akitoa jibu moja kwa yote mawili, ugonjwa ni nafasi ya -li-. Akitofautisha na bado akasema “I was have fever”, ugonjwa ni “na”, na huyo mfundishe “I had” tu, umwache aende zake.

Kwa nafasi ya -li- nachora treni. Sisi ni mwisho wa reli, kila mtoto hapa ameona mabehewa yakiungwa. Kichwa cha treni ni mtendaji. Kiswahili kinaunga behewa la jana mara tu baada ya kichwa, kitenzi kinafuata nyuma. Kiingereza kinapitisha kitenzi kwanza, behewa la jana linaungwa mwisho kabisa: “reach”, kisha “ed”. “The railway reached Kigoma in 1914.” Nawaacha wachore treni kumi za namna hiyo daftarini, Kiswahili juu, Kiingereza chini, wapake rangi behewa la jana. Wakubwa wa Kidato cha Tatu wanaona ni utoto mpaka wajikute wanaomba penseli za rangi.

Halafu, kwa kuwa “was” imeshatajwa, ipe kazi yake halali. Giza la mwezi wavuvi wa dagaa wapo ziwani, na ukisimama mlimani unaona taa zao kama mji mwingine juu ya maji. Kundi moja linaigiza bila sauti wanavuta wavu, na halisimami. Ghafla kundi la pili linaingia: upepo, au injini imezima, au wavu umechanika. Darasa linasimulia: “They were pulling the net when the wind came.” Lile lililokuwa linaendelea linachukua “were” na “ing”, lililoingia kwa ghafla linakata tiketi ya kawaida. Kwa Kiswahili ni “walikuwa wakivuta wavu, upepo ukaja”, nao wanaisikia tofauti hiyo masikioni tayari.

“Goed”, “catched”, “buyed”

Pongezi, mgonjwa anapona. Mtoto anayeandika “goed” ameelewa kwamba kila kitenzi kinadai tiketi, ameikata mwenyewe, ila ameipata dirisha lisilo lake. Usimpigie kosa hili mstari mwekundu sawa na “yesterday I go”. Ni makosa ya ngazi tofauti.

Sababu ya mara nyingi ni kwamba umbo sahihi hajalisikia vya kutosha. Inayofuata ni sisi walimu na lile jedwali la maumbo matatu kwa alfabeti, linaloimbwa darasa zima mpaka mapaa yanatikisika. Anaweza kuimba “go, went, gone” bila kosa na dakika hiyohiyo akaandika “goed”, kwa sababu wimbo umekaa droo moja na insha droo nyingine.

Vitenzi hivi mimi naviita vikaidi, na navipanga kwa mlio. Ukoo wa “brought, bought, thought, fought” pamoja. “Caught” na “taught” ni wageni wao, mlio mmoja, tahajia nyingine. Ukoo wa “sang, rang, drank, sank, swam” pamoja. “Threw, blew, grew, knew, flew” pamoja. Na wale wavivu wasiobadilika, “cut, put, hit, shut”, ambao watoto huwapenda kuliko wote. Ukoo mmoja kwa wiki, si zaidi, na kila ukoo uingie kwenye hadithi siku hiyohiyo.

Hadithi ya Gombe inafaa sana, maana hifadhi iko kaskazini mwa mji wetu na vitenzi vyake vikaidi ndivyo tunavyovihitaji. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960. Mwaka huohuo alimwona sokwe akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, akiwala. “She came. She sat. She saw a chimpanzee. It took a stem, put it in, and ate.” Mmoja ni sokwe, mmoja ni Jane mwenye daftari, kalamu ndiyo bua, na darasa linasimulia. “She wrote it down”, wanamalizia wote. Nimewaona watoto waliokariri “write, wrote, written” mwaka mzima wakiitumia “wrote” kwa mara ya kwanza bila kuombwa siku ya sokwe.

“I have seen him yesterday”, na ndugu zake

Hapa mkosaji ni -me-, na mtaani tunamlisha wenyewe kila siku. “Mgeni amefika jana.” “Nimemwona juzi.” Mwalimu wa Kiswahili ataguna, lakini ndivyo tunavyoongea. Mtoto anatafsiri alichosikia.

Kanuni ya kumpa ni fupi: wakati ukiwa na jina lake, “have” hairuhusiwi. Lakini kanuni peke yake huisha kengele ikilia, kwa hiyo natumia kamba ya kuanikia nguo. Naivuta kutoka dirisha hadi dirisha, nabana miaka kwa vibanio, na kila kundi linaandika sentensi za meli yetu Liemba kwenye vipande vya karatasi. 1913, Wajerumani waliijenga kwao Papenburg wakaiita Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. 1915, ikashushwa majini. Julai 1916, mabaharia wake wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. 1924, Waingereza wakaiinua. 1927, ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa Kiingereza ni “built, packed, brought, sank, raised, began”, mchanganyiko wa vitiifu na vikaidi.

Kila karatasi inapata kibanio chake. Halafu nawapa moja ya mwisho: “The Liemba has carried many passengers.” Wabane wapi? Wanazunguka na karatasi kutoka 1927 mpaka mwisho wa kamba, wanarudi. Haina mwaka wake. Nayo ndiyo maana ya “has”, na siku hiyo siongezi neno.

Ndugu zake ni misemo ya muda. “Three years which passed” ni “miaka mitatu iliyopita” neno kwa neno, mpe “three years ago”. “Yesterday night” ni “jana usiku”, mpe “last night”. “Last yesterday” ni juzi, mpe “the day before yesterday”, na umruhusu anung'unike kwamba Kiingereza kinatumia maneno manne mahali petu linatosha moja. Ana haki.

Mkia hausikiki, au unasikika mno

Anasoma “walked” kama “wok”, au “wokedi”. Lugha iliyomfundisha kugeuza “shirt” kuwa shati na “cupboard” kuwa kabati haiwezi kumwachia konsonanti mbili zimening'inia mwisho wa neno. Ama azikate, ama aziwekee irabu.

Kwanza sikiliza matamshi yako mwenyewe. Mimi nilikuwa nasema “wokedi” mpaka mwenzangu wa stafu aliponinong'oneza.

Mikia iko mitatu. Baada ya sauti kama k, p, s na sh ni “t” fupi: “walked”, “washed”. Baada ya irabu na sauti zinazotetemesha koo ni “d”: “played”, “pulled”. Baada ya t au d peke yake ndipo silabi inaongezeka: “wanted”, “needed”. Washike koo wakisema, wahesabu silabi kwa makofi. “Walked” ni kofi moja. Ukisikia mawili, rudia. Njia nyingine ni kuunganisha na irabu inayofuata: “walked in” ikitamkwa haraka, ile “t” inapata mahali pa kukaa bila kuongezewa chochote.

Kujaza nafasi ishirini kwa ishirini, mdomoni hakuna kitu

Mwanafunzi huyu anawadanganya walimu wengi, nami nilidanganyika miaka. Sababu ni kwamba zoezi la kujaza nafasi limeshamfikiria kila kitu: kitenzi kimewekwa, sehemu imeonyeshwa, kabakiza mkia. Kuongea kunadai awe na jambo la kusema. Sababu ya pili ni aibu, hasa kwa mabinti wa safu za nyuma. Ya tatu, na si ya kudharau, ni kalamu yetu nyekundu.

Dawa ni mfuko wa ushahidi. Naleta rambo lenye vitu vya mtu nisiyemtaja: kipande cha tiketi ya basi, ganda la muhogo, kandambili moja yenye matope, risiti iliyolowa, mfupa wa mgebuka, vocha iliyokwanguliwa. Navitoa kimojakimoja, taratibu, navishika juu. Swali moja tu: mtu huyu alifanya nini jana? “He took a bus.” “It rained.” “He ate fish.” “No, she ate fish, look, a small shoe.” “She lost one shoe!” “Why did she lose it?” Hakuna jibu la kitabu, kwa hiyo hakuna wa kuchekwa. Mara ya kwanza nilipoleta mfuko ule, binti ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia muhula mzima alisimama akasema, “She ran. Someone followed her.” Darasa likanyamaza. “Ran”, bila kosa. “Followed”, kofi mbili kama inavyotakiwa. Wiki iliyofuata walileta mifuko yao.

Angalia tu usiweke kitu kinachoweza kutambulika ni cha nani mtaani.

Wapi usimame

Si kila ukimya ni wa sarufi. Kuna mambo ambayo mwalimu wa Kiingereza hayawezi, na kung'ang'ana nayo kunamuumiza mtoto.

Simama ukiona hawezi kusimulia kwa mpangilio hata kwa lugha ya nyumbani, au hasomi Kiswahili chepesi, au anageuza herufi zilezile siku zote. Zungumza na mwalimu wa taaluma na mzazi, aangaliwe na mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu. Mazoezi zaidi ya “ed” hayatamsaidia.

Simama akikuangalia mdomo badala ya macho, akijibu swali ambalo hukuuliza, au akikosa mikia tu huku mengine anayapata, huku na maandishi yake ni mazuri. Mikia ya Kiingereza ni sauti ndogo, na masikio mabovu huipoteza kwanza. Mhamishie mbele leo, kesho apelekwe hospitali kupimwa. Anayekunja uso kutazama ubao naye ni wa hospitali.

Na simama haraka kabisa kwenye hili. Swali tunalolipenda sote, “What did you do last holiday?”, au “Tell us about a day you will never forget”, huku kwetu linaweza kufungua kidonda. Darasani kuna watoto ambao familia zao zilivuka mpaka kutoka Burundi au Kongo usiku, na kuna ambao baba alikwenda ziwani hakurudi. Mtoto akianza kutetemeka, akilia, au akiandika jambo lililokushtua, weka kalamu chini. Usisahihishe insha ile, usiisome mbele za watu. Mpeleke taratibu kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na kama ameandika kwamba anaumizwa na mtu sasa hivi, ni suala la mkuu wa shule na ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Tangu nijifunze hilo, mada zangu ni za watu wengine au za kubuni: meli, sokwe, gunia la dagaa. Anayetaka kusimulia ya kwake atasimulia mwenyewe.

Kuna kusimama kwa namna nyepesi pia. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne akibakiza wiki tatu, usimletee nyakati mpya. Chagua dalili moja tu, inayomgharimu zaidi, umalizane nayo.

Yule kijana wa doa la mawese alileta insha nyingine kabla ya likizo. Ziwa lilelile, mjomba yuleyule. “We pushed the boat. We lighted the lamps. My uncle throwed the net and we catched dagaa.” Nikaisoma mara mbili, nikaweka vema kubwa pembeni, na ukoo wa “threw” nikauweka kwenye ratiba ya Jumatatu.